Gia ya Baisikeli Katika Nchi ya Milima

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Tukuyu)



Tumeombwa kusema machache juu ya baisikeli, na hasa juu ya gia yake. Huenda wako watakaodhani ya kuwa hili ni jambo dogo la mafundi, lisilostahili kuchukua wakati wa mkutano. Twaomba uvumilivu wenu. Mtu ambaye kazi yake humpeleka vijijini, awe tarishi, mwalimu, bwana shamba, au karani aliyetumwa na daftari, ajua ya kuwa baisikeli isiyofaa humla nguvu kabla hajaianza kazi yenyewe. Afikapo mbele ya watu ameloa jasho, magoti yakimtetemeka, na saa ya baraza imekwisha kupita, hakuna amlaumuye fundi wala mwenye duka. Lawama huwa yake. Kwa hiyo neno hili lahusu afya zetu, sifa zetu, na mifuko yetu pia.

Neno tulilo nalo ni moja, nalo ni hili: baisikeli nyingi tuzinunuazo zimetiwa gia ya kufaa nchi tambarare, nasi twatembea katika nchi ya milima. Yatupasa kuifanya gia ifuate nchi, kwani nchi haitaifuata gia.

Kwanza natuitazame nchi yenyewe. Mji wa Tukuyu uko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Nyasa yako chini ya mita 500. Maana yake, mtu atokaye Kyela kuja Tukuyu hana budi kujipandisha yeye, na baisikeli yake, na mzigo wake, zaidi ya mita 1,000, hata kama barabara ni nzuri namna gani. Naye atokaye Tukuyu kwenda Mbeya, akiisha kupita Kiwira, huanza kupanda kuelekea Isongole, kati ya mlima Rungwe na mlima Ngozi, ambako barabara hupita urefu wa mita 2,000 kabla ya kuteremka Uyole. Waendao Masoko na Ipinda huteremka asubuhi kwa raha, nao hulipa deni lile jioni. Waendao Mwakaleli na Lwangwa hushuka bonde moja na kupanda jingine. Juu ya hayo yote, Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na katika njia zisizo na lami, matope hushika tairi kama mkono wa mtu.

Pili, tueleze gia ni kitu gani. Mbele, penye pedali, pana gurudumu kubwa la meno. Nyuma pana gurudumu dogo la meno, tuliitalo friwili. Mnyororo huyaunganisha hayo mawili. Meno ya mbele yakigawanywa kwa meno ya nyuma, jawabu lake ndiyo gia. Hapana siri nyingine. Mtu yeyote awezaye kuhesabu aweza kuijua gia ya baisikeli yake kwa dakika mbili, akitia alama ya chokaa kwenye jino la kwanza ili asilihesabu mara ya pili.

Tuchukue mfano. Baisikeli ya watu wazima ya gia moja, yenye magurudumu ya inchi 28, yaweza kuwa na meno 48 mbele na meno 18 nyuma. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2 na theluthi mbili. Na kwa kuwa gurudumu la inchi 28 husogea kiasi cha mita 2.23 kwa mzunguko mmoja, mpandaji huenda karibu mita 6 kwa kila mzunguko wa pedali. Akitia friwili ya meno 20, ataenda mita 5.36. Akitia ya meno 22, mita 4.87. Akitia ya meno 24, mita 4.47. Basi kadiri meno ya nyuma yanavyozidi, ndivyo hatua ya baisikeli inavyokuwa fupi.

Sasa tuipeleke baisikeli ile kilimani. Mpandaji ana uzito wa kilo 65, baisikeli kilo 20, na mzigo wa nyuma kilo 25; jumla kilo 110. Kilima chenyewe chapanda mita 6 katika kila mita 100 za njia. Krenki ni za inchi 6 na nusu. Tukiacha upepo na matope, na tukihesabu uzito tu, gia ya meno 18 yamdai mpandaji asukume pedali kwa nguvu ya kilo 38, kwa wastani wa mzunguko mzima. Lakini mguu hausukumi sawasawa katika mzunguko mzima. Pedali ikiwa juu kabisa au chini kabisa, mguu haufanyi kazi. Kwa hiyo pedali ikiwa katikati ya kushuka, mguu wapaswa kusukuma kwa kilo zipatazo 60. Tazameni basi: mtu wa kilo 65 hana budi kusimama juu ya pedali kwa karibu uzito wake wote, kila hatua, mpaka juu ya kilima. Hiyo ndiyo sababu twaona watu wakishuka na kusukuma. Si uvivu, ni hesabu.

Mtu yule yule, kwa kilima kile kile na mzigo ule ule, akiwa na friwili ya meno 22, wastani wake washuka mpaka kilo 31. Akiwa na ya meno 24, washuka mpaka kilo 28 na kitu, na katikati ya kushuka mguu wadaiwa kilo 45 hivi. Robo nzima ya mzigo wa miguu imeondoka. Kazi ya kukipandisha kilima haikupungua, kwani uzito ni ule ule na urefu ni ule ule; ila imegawanywa katika hatua nyingi zaidi, ndogo zaidi. Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Wako watakaouliza, Je, katika njia tambarare hatutachelewa? Swali hili ni la haki, nalo lina jawabu. Akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, mwenye meno 18 huenda kiasi cha kilomita 21 kwa saa, na mwenye meno 24 huenda kiasi cha kilomita 16. Lakini mwenye meno 24 akizungusha mara 80 kwa dakika, huenda sawasawa na mwenzake. Miguu huzoea kuzunguka upesi bila kudhurika; lakini magoti hayazoei kubebeshwa uzito mzito siku zote. Hata hivyo hatusemi kwamba kila mtu afanye namna moja. Akaaye Kyela, na kazi yake iko katika uwanda wa mpunga, na asibadili kitu. Akaaye Tukuyu na kutembea na mzigo wa kadiri, twadhani meno 22 yatamfaa. Apandaye kila juma na mzigo mzito, na atafute 24.

Wala mtu asiipime gia yake kwa kilima kikali kupita vyote. Hicho atashuka na kusukuma, wala si aibu. Aipime kwa kilima akipandacho kila siku, akiwa na mzigo wake wa kila siku, na katika hali ya mwisho wa siku, alipokwisha kuchoka. Kama pale aweza kukaa kitini na kuzungusha bila kuyumba, gia yake ni nzuri.

Tatu, tuseme juu ya kazi yenyewe ya kubadili. Njia ya gharama ndogo ni kubadili friwili ya nyuma. Hiyo imefungwa kwa skurubu kwenye kitovu cha gurudumu, na kila mara mtu akanyagapo pedali huzidi kuikaza. Hufunguliwa kwa kuzungushwa upande wa kushoto, kwa kifaa chake maalum kinachoingia katika mapengo yake. Njia iliyo bora ni kukibana kifaa hicho katika jiliwa, kuweka gurudumu juu yake, kisha kulizungusha gurudumu zima kwa mikono miwili kama usukani wa motokaa. Fundi akija na patasi na nyundo, mwambieni angoje. Mapengo yale yakivunjika mara moja, friwili haitatoka tena ila kwa kuharibiwa. Kabla ya kutia mpya, nyuzi za skurubu zisafishwe, zipakwe grisi, na friwili ianzwe kwa vidole mpaka ishike sawasawa. Ikianza upande, itakula kitovu, na kitovu ni ghali kuliko friwili.

Kama friwili kubwa haipatikani, gurudumu la mbele laweza kupunguzwa. Meno 40 mbele na 20 nyuma ni gia moja na meno 48 kwa 24. Lakini mara nyingi gurudumu la mbele limeshikamana na krenki ya kulia, basi hununuliwa pamoja, na pini ya krenki hupasa kugongwa kwa uangalifu. Kwa hiyo gharama huzidi.

Baada ya friwili, mnyororo. Hapa pana kanuni moja ya kukumbuka. Pingili moja ya mnyororo ni nusu inchi, nazo huungwa mbili mbili, nyembamba na pana. Ukiongeza meno 4 nyuma, mnyororo wadai kuongezwa jozi moja ya pingili, yaani inchi 1, na gurudumu litakaa palepale lilipokuwa. Kwa hiyo kutoka meno 18 kwenda 22 ni kazi safi. Ukiongeza meno 2 tu, mnyororo wa zamani waweza kutosha kwa kusogeza ekseli mbele kiasi cha milimita 6, kama nafasi ipo. Mwisho wa yote, mnyororo ukishikwa katikati ucheze kiasi cha nusu inchi juu na chini. Ukikazwa sana hula kitovu. Ukilegea sana huruka.

Tena mtu asitie friwili mpya na mnyororo uliochakaa. Chukueni rula, mpime pingili 24. Mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Ukiongezeka sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, wakati wa kuubadili umefika. Ukiongezeka sehemu moja ya nane, umekwisha kuyala meno pia. Mnyororo kama huo hupanda juu ya meno mapya na kuruka ghafula, na mara nyingi huruka wakati mtu amesimama juu ya pedali, kilimani, na lori liko nyuma yake.

Nne, breki. Gia nyepesi yampandisha mtu juu, lakini haimteremshi. Friwili huliacha gurudumu likimbie lenyewe, wala mnyororo haulizuii. Atokaye Isongole kuteremka Kiwira, au Tukuyu kuteremka Masoko, maisha yake yategemea vipande vinne vya mpira. Ringi za chuma zikilowa maji, breki za mpira hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na nchi yetu ni ya mvua. Kwa hiyo twasema wazi: mwenye fedha za kitu kimoja tu, na mipira ya breki zake imekwisha, na anunue mipira kwanza, gia ingoje mwezi ujao. Naye ateremkapo kwenye mvua, aanze kushika breki mapema na kwa vipindi, ili ringi zikauke kabla ya kona.

Tano, baisikeli za gia nyingi. Kuna kitovu cha gia tatu cha kampuni ya Sturmey-Archer, iliyoanzishwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1902. Aina yake iitwayo AW ilitolewa mwaka 1936, nayo imesifiwa sana kwa kudumu. Gia yake ya kati ni ile ya meno kama yalivyo. Ya chini hupunguza robo. Ya juu huongeza theluthi. Mwenye meno 48 na 18 akitia kitovu hicho, gia yake ya chini yawa sawa kabisa na meno 24, bila kuipoteza ile ya zamani. Lakini gia ya juu itakuwa nzito mno kwetu, hata aione mara chache. Afadhali atie meno 22 nyuma, ndipo gia ya chini itampeleka mita 3.65 kwa mzunguko, ya kati mita 4.87, na ya juu mita 6.49, zote tatu zitafanya kazi. Waya wake uangaliwe sana: ukilegea, kitovu chaweza kukaa kati ya gia ya pili na ya tatu, na pedali hukimbia tupu chini ya mguu.

Vijana wenye baisikeli za mashindano nao wasidhani tumewasahau. Nyingi katika hizo zina magurudumu mawili mbele, ya meno 50 na 34, na nyuma mkusanyiko wa meno 11 mpaka 28. Kwa milima yetu yafaa mkusanyiko wa nyuma ufike meno 32 au 34. Lakini kwanza watazame kama mkono unaohamisha mnyororo nyuma umefanywa kwa meno mengi hivyo, kwani kila mkono una mpaka wake. Tena idadi ya magurudumu ya nyuma ilingane na idadi ya hatua za kibadilishi cha usukani. Mnyororo uwe mrefu wa kutosha kuzunguka meno makubwa ya mbele na makubwa ya nyuma kwa pamoja. Ukiwa mfupi, siku moja utauvunja mkono ule.

Sasa twaja kwenye neno la aibu, maana hilo ndilo huzuia wengi. Wako wasemao ya kuwa gia nyepesi ni ya wazee na wagonjwa. Maneno hayo hayakuanzia Tukuyu. Huko Ufaransa, mashindano makubwa ya kuizunguka nchi yalianza mwaka 1903, na mwaka 1910 wapandaji walipelekwa mara ya kwanza juu ya mlima Tourmalet, ambako barabara hufika mita 2,115. Mkuu wa mashindano, Henri Desgrange, aliona kwamba gia za kubadilisha zawafaa wanyonge, akawakataza washindani wake. Basi mashujaa wale walitia meno ya namna mbili katika gurudumu la nyuma, madogo upande huu na makubwa upande huu. Walipofika chini ya mlima walishuka, wakalifungua gurudumu, wakaligeuza, ndipo wakapanda. Mwaka 1937 katazo liliondolewa. Tangu hapo washindi wote wa dunia hubadili gia kilimani, wala hakuna awaitaye wanyonge. Ikiwa watu wanaolipwa kwa mbio hawaoni haya, sisi tuliotumwa na barua na madaftari twaona haya ya nini?

Twajua pia ya kuwa siku hizi pikipiki zimejaa, na wengi husema wakati wa baisikeli umepita. Lakini petroli hununuliwa kila siku, na gia hununuliwa mara moja kwa miaka. Nyumba nyingi bado zategemea baisikeli kwa kazi, kwa shule na kwa soko, wala hatuoni busara kuiacha katika hali mbaya kwa kuwa kuna kitu kingine cha ghali kuliko hiyo.

Mwisho, twaleta mbele yenu mambo matatu ya kufanywa na Chama.

La kwanza, tuchange kununua kifaa kimoja cha kufungulia friwili, na kimoja cha kukatia mnyororo, vikae kwa Katibu, naye aviandike katika daftari kila vinapoazimwa. Mtu mmoja kuvinunua peke yake ni hasara. Watu thelathini ni senti.

La pili, kila inapotokea ofisi au shirika lanunua baisikeli kwa ajili ya watumishi wa vijijini, tuombe kwa adabu kwamba katika barua ya kuagiza iandikwe idadi ya meno ya nyuma, kwa kadiri ya mahali zitakapotumika. Mstari mmoja wa barua waweza kuokoa magoti ya watu kwa miaka.

La tatu, nalo ndilo kubwa. Safari zetu huhesabiwa kwa kilomita. Lakini kilomita 10 za uwanda wa Kyela na kilomita 10 za kupanda kutoka Masoko si sawa. Mtumishi mmoja hurudi saa tisa, mwingine hurudi magharibi, na aliyechelewa huonekana mvivu. Hatuombi upendeleo. Twaomba kila mmoja wetu aandike katika taarifa yake ya safari mahali alipotoka na alipofika, uzito wa mzigo wake, na kwamba njia ilikuwa ya kupanda au ya tambarare. Taarifa hizo zikikusanywa kwa mwaka mzima na watu wengi, zitasema zenyewe, bila ya mtu kupandisha sauti, nasi tutakuwa na jambo la kuweka mezani tunapozungumza juu ya saa za kazi na posho ya safari. Gia twaweza kubadili wenyewe. Hesabu ya safari hatuwezi kuibadili ila kwa umoja.

 Wale waliokuja kwa baisikeli, nazo zimeegemezwa ukutani hapo nje, twaomba wasiondoke kabla hawajahesabu meno ya mbele na ya nyuma na kumpa Katibu hesabu hizo pamoja na jina la njia wanayopita kila siku. Katika mkutano ujao tutazisoma, ndipo tujue tuagize friwili ngapi, na za meno mangapi.